Muulizeni anaweza kupata kiasi gani, msimuulize anapata kiasi gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi na hii haitakuwa fupi, mkitaka kukata kateni hizi salamu, huko chini msiguse.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi hapa Malaba upande wetu wa Uganda, nauza chakula kwa madereva wa trela, posho (ugali) na maharage, wali, mukene (dagaa), asubuhi chai na chapati. Mwaka wa kumi na moja huu. Wawili kati ya watoto wangu baba yao ni dereva, au niseme alikuwa dereva, maana hapo ndipo ugomvi wenyewe wa matunzo ya watoto ulipo. Jina lake silitaji, anajijua, na wenzake wa barabarani wakisoma hii watamjua kabla hawajafika katikati.

2021 tulikaa kwenye ofisi moja ya ustawi wa jamii tukaandikishana kwamba atatoa shilingi 100,000 kila mwezi kwa watoto wote wawili, baadaye korti ya familia na watoto ikaifanya amri. Wakati ule sikulalamika. Shule zilikuwa nusu zimefungwa nusu zimefunguliwa kwa sababu ya korona, msichana alikuwa darasa la nne yuko nyumbani ananisaidia kuosha sahani, mvulana alikuwa hata hajaanza, chakula tunakula cha kibandani. 100,000 ilitosha, na nilimshukuru mbele ya watu.

Sasa msichana yuko senia wani, mwaka wa kwanza wa sekondari, bweni, 650,000 kwa muhula, hapo hujaweka rikwayamenti, yaani vitu vya kupeleka shuleni, godoro, rimu za karatasi, ufagio, sukari, sabuni, na hii mitaala mipya ya sekondari iliyoanza 2020 kila wiki mtoto ana projekti, leo alete kitambaa na uzi, kesho gundi na manila, na projekti hainunuliwi na shule inanunuliwa na mama. Mvulana yuko darasa la pili shule ya serikali. Watu wa nje wakisikia UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wanadhani ni bure, ada ndiyo imetolewa tangu 1997, lakini sheria ya elimu ya 2008 imeandika wazi chakula, nguo, matibabu na usafiri wa mtoto ni juu ya mzazi, kwa hiyo uji wa saa nne nalipa mimi, sare nalipa mimi, na mtoto ambaye hajalipiwa uji anakaa kuangalia wenzake wanakunywa.

Piga hesabu na mimi. 100,000 gawa kwa watoto wawili, gawa kwa siku thelathini, unapata shilingi 1,666 kwa mtoto mmoja kwa siku. Hapa stendi hiyo hainunui rolekisi moja, chapati ya kukunjia mayai. Tena haiji 100,000 kamili, inakuja 50,000 mara mbili kwa simu bila pesa ya kutolea, mwenye mobile money anachukua chake na serikali nayo ina ile 0.5 kwa mia yake tangu 2018, mimi nikifika kwa ajenti nashika elfu 96 na kitu. Madogo hayo, najua, nimeyaandika kwa sababu yananikera.

Basi mwaka jana nikaenda kuomba iongezwe ifike 300,000. Sikuota hiyo namba usingizini. Mimi nawalisha hawa madereva. Najua anayetoka Mombasa kwenda Kampala analipwaje, najua anayeendelea mpaka Juba anaongezewa nini, najua mshahara uko peke yake na maileji, pesa ya safari, iko peke yake, na najua dereva mzuri aliyekaa miaka kumi na kampuni akiamua kubana matumizi kwenye safari anabaki na nini mfukoni, wananihesabia hapo hapo mezani wakisubiri karatasi zao zitoke forodhani. Baba watoto alikuwa dereva mzuri. Hilo silifichi, barabara ya Juba inataka mtu mwenye akili zake.

Wiki tatu baada ya kupelekewa barua ya kuitwa, akaacha trela.

Eti amechoka, eti mgongo. Tukaitwa ofisini, akaja na barua iliyopigwa muhuri wa gereji ya binamu yake inayosema ameajiriwa pale kama msaidizi wa fundi, mshahara 180,000 kwa mwezi, na kwenye fomu ya korti palipoulizwa kazi akaandikiwa kwa Kiingereza kitu ambacho mkalimani alinitafsiria kama kibarua. Karatasi za korti zetu zote ni Kiingereza, hiyo tumeshazoea, Kiswahili ni lugha ya pili ya serikali tangu 2005 lakini mlango wa mahakama bado hakijapita vizuri.

Nataka mnione hapo ofisini. Meza ni moja, mafaili yamepangwa mpaka dirishani, afisa anaandika kichwa kikiwa chini, mimi niko huku, baba watoto yuko kule, mikono ameiweka juu ya meza amefunganisha vidole kama mtu aliye kanisani. Nikaitazama ile mikono. Mafundi wa gereji wanakula kwangu kila siku ya Mungu, mimi ndiye nawamwagilia maji ya kunawa, maji yanateremka kwenye beseni meusi kama chai ya rangi, wanasugua na sabuni ya unga, wengine wanaongeza mchanga, na bado pembeni ya kucha kuna mstari mweusi ambao hautoki mpaka mtu ale krismasi mbili nyumbani. Kucha za baba watoto zilikuwa safi kuliko za afisa. Nikamwambia afisa, mheshimiwa, hebu angalia mikono ya huyu fundi. Afisa akainua macho, akacheka kidogo, akasema mama hapa tunafanya kazi na maandishi.

Haya, maandishi. Akaniuliza na wewe mama unapata kiasi gani? Swali ni la haki kabisa, katiba yetu ya 1995 inasema kulea mtoto ni haki na wajibu wa wazazi, haikusema baba peke yake, na mimi sijawahi kukataa. Nikatoa kaunta buku yangu. Mimi naandika kila kitu, kilo ngapi za unga, mkaa gunia ngapi, jerikani za maji, nani amekula kwa deni na ni trela namba gani. Afisa akafungua, akakuta siku moja ya msongamano, foleni ya malori imetoka forodhani imeenda mpaka huko, nimeuza 140,000. Akachukua kalamu nyekundu akaizungushia. Mauzo hayo jamani, si faida! Kwenye ukurasa huo huo chini kuna unga, maharage, mkaa, dada wa kunisaidia, kodi ya kibanda na ushuru wa soko, ukitoa vyote nilibaki na 23,000, na siku iliyofuata forodha ilikuwa tupu nikauza 31,000 tu na maharage yakachacha. Lakini kalamu nyekundu ilishazunguka. Akaandika mama ana biashara.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi hii kitu inavyofanya kazi, na ndiyo sababu ya barua hii. Anayeandika mapato yake ndiye anayeonekana tajiri. Asiyeandika, mwenye barua moja ya binamu, ndiye anayeonekana maskini na anayehurumiwa. Kaunta buku yangu ya uaminifu ilinishitaki mimi mwenyewe na barua ya gereji ikamwokoa yeye. Ombi likakaa hivyo hivyo, 100,000, eti tusubiri hali ya baba itengemae.

Mpaka leo nasubiri itengemae. Gereji yenyewe ninapita mbele yake nikienda kusagisha, sijamwona hapo hata siku moja. Kwa mwezi mara mbili hivi anapotea siku tano sita, simu haipatikani, kisha anarudi ana nguo mpya na nyama. Madereva wananiambia, mama, jamaa tumemwona Eldoret kwenye usukani wa gari la mtu mwingine. Siku hizi anashikilia usukani wa wenzake waliougua au waliopata msiba, analipwa mkononi, hakuna kampuni, hakuna karatasi, hakuna mshahara wa kukatwa. Na hili nimelipata kwa mdomo wake mwenyewe akijisifu kwa tanboi (utingo) wake: amelipia upya pamiti yake ya trela, yaani leseni ya udereva, akachagua ya miaka 3. Pamiti zetu zinauzwa ya mwaka 1, ya 3 na ya 5, kila mtu anachagua kwa mfuko wake. Sasa niambieni, mtu aliyeacha trela kwa sababu ya mgongo analipia pamiti ya trela ya miaka 3 ya nini? Aitundike ukutani?

Sheria ya Watoto tunayo, na ni sheria nzuri tu. Inasema mtoto ana haki ya kupata chakula, mavazi, malazi, matibabu, chanjo na elimu kutoka kwa wazazi, inaniruhusu kwenda kortini kuomba matunzo, inaniruhusu kurudi hali ikibadilika ili amri nayo ibadilishwe, na mzazi akikaidi korti inaweza kukata mshahara wake au kukamata mali yake. Ilifanyiwa marekebisho 2016 pia. Tatizo langu liko kwenye mstari mmoja unaosema hakimu ataangalia uwezo wa kifedha wa anayedaiwa. Uwezo! Neno lenyewe kwa Kiswahili ni kubwa. Mtu mwenye uwezo wa kubeba gunia ni mwenye uwezo hata kama leo amelala. Lakini huko maofisini uwezo umegeuka kuwa kile alichosema ameshika mfukoni leo asubuhi.

Binti wa dada yangu anasomea sheria Kampala, nikamweleza, akanicheka kwanza kwa hadithi ya kucha halafu akakaa na mimi. Akaniambia mama, hiyo wenzetu walishaiona zamani. Hapo ng'ambo tu, unavuka daraja kwa miguu, sheria ya watoto ya Kenya inamwambia hakimu aangalie kipato cha mzazi au uwezo wake wa kupata kipato, vyote viwili vimeandikwa. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaangalia kipato na mali za wazazi wote, na kama kuna kitu kimempunguzia mzazi uwezo wa kutafuta, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Kanada ndiyo wamefika mbali kabisa, mwongozo wao wa tangu 1997 unasema mzazi akijipunguzia kazi kwa makusudi hakimu anaweza kumhesabia mshahara ambao angepaswa kuupata, halafu anapanga matunzo kwa mshahara huo, isipokuwa kama amepunguza kazi kwa sababu ya mahitaji ya mtoto, au ya afya yake, au masomo ya maana. Nilipomsikia nilimwambia arudie. Yaani huko baba watoto angeambiwa, bwana, wewe ni dereva wa trela wa miaka mingi mwenye pamiti hai, sisi tutakuhesabu dereva wa trela, hiyo gereji ni hobi yako, endelea nayo.

Sasa ngoja, kuna watu wameshaanza kuguna. Najua, na hata mimi ningeguna, kwa sababu nina kaka yangu.

Kaka yangu naye alikuwa dereva. 2020 wakati wa kupimwa korona mpakani, si mnakumbuka foleni ile, madereva wanalala chini ya magari siku nne tano wakisubiri majibu, watu wa mitaani wanawakimbia kama wao ndio ugonjwa, mimi mwenyewe nilifunga kibanda maana mwenyekiti wa LC1, serikali ya kijiji, alikuja kusema mama ukiwalisha hawa utatuua. Kaka alikutwa na ugonjwa, akawekwa karantini, akatoka, kampuni ikawa imeshampa gari mtu mwingine. Tangu hapo hajapata usukani. Ameomba kila mahali, ninazijua nauli alizokopa kwangu kwenda kuomba. Sasa anaendesha boda ya mtu, jioni anapeleka hesabu kwa mwenye boda, akibaki na 8,000 anashukuru. Naye ana watoto wawili kwa mama mwingine na amri ya korti kama hii yetu. Kila Jumapili anawapelekea muhogo, ndizi, mara kuni, mara mafuta ya taa, anakaa na watoto anawafundisha hesabu, na wifi yangu yule wa zamani hajawahi kumpeleka popote kwa sababu anaona. Mtu kama huyu ukimhesabia mshahara wa trela utamuua, atakimbia avuke mpaka, na watoto watakosa hata muhogo.

Kwa hiyo sisemi kila baba aliyeshuka cheo ni mwongo. Hata Marekani, ambako korti za matunzo ni kali sana, 2016 serikali yao kuu iliandika kanuni ya kuwazuia watu wa matunzo wasimhesabie mzazi mshahara wa hewani, waangalie kwanza huyu mtu amewahi kufanya kazi gani, amesoma nini, afya yake ikoje, na kazi zipo au hazipo huko anakokaa, na aliyefungwa jela asihesabiwe kwamba ameacha kazi kwa kupenda. Naona hiyo ni sawa. Mimi ningetaka maswali yale yale yaulizwe kwa baba watoto wangu na kwa kaka yangu, na majibu yatakuwa tofauti kama mchana na usiku. Uliacha au uliachishwa? Lini, kabla au baada ya kuitwa? Umeomba kazi wapi tangu hapo? Pamiti yako iko hai? Kadi yako ya homa ya manjano ya kuvukia mipaka umeipeleka wapi? Dakika kumi tu. Kaka yangu atajibu yote akitazama macho, na yule mwingine ataanza kukohoa.

Halafu watu wa mobile money. Kila kitu Uganda hii kinapita kwenye simu, ada, msiba, mahari, deni la duka. Mtu anayesema anapata 180,000 korti imwambie alete stetimenti, orodha ya pesa zilizoingia na kutoka, ya namba zake zote kwa miezi sita, zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kama mimi kaunta buku yangu ilizungushiwa kalamu nyekundu, kwa nini simu yake isizungushiwe?

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hakimu akitaka hata kukisia mshahara wa chini wa mtu mzima mwenye nguvu, hana pa kushika. Kima cha chini cha mshahara hapa Uganda kinachotambuliwa ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa 1984, mimi sijui hata kama nilikuwa nimeota meno. 2019 bunge lilipitisha muswada mpya Rais hakuusaini. 6,000 kwa mwezi! Hiyo ni sahani mbili za posho na nyama kwangu na unabaki unadaiwa. Kwa hiyo mwanaume akiandika 180,000 kwenye fomu anaonekana amejitahidi, amezidi sheria mara thelathini, apigiwe makofi.

Nimeambiwa mengi mtaani tangu nianze hii safari. Ati nataka kujengewa nyumba na pesa ya watoto. Ati mwanaume ana mke mwingine na watoto wengine wawili, nao wale nini? Hili la pili nalijibu kwa heshima kwa sababu yule mama hajanikosea kitu, tumekutana zahanati tukasalimiana, watoto wake ni ndugu wa wanangu na wana haki ile ile, lakini nao ndio wanaokula ile nyama ya safari za siri, yeye anajua na mimi najua, hesabu ya watoto wanne ifanywe kwenye mapato ya kweli kisha tugawane kinachopatikana, hata kama fungu langu litakuwa dogo nitalipokea. Ati DNA. Ule mwaka wa 2023 DNA ilipokuwa wimbo wa kila redio naye aliimba, nikamwambia twende hata leo nauli nitalipa mimi, akanyamaza, mvulana ana masikio yake na mwendo wake na ule ubishi wake wa kutokubali kuvaa sweta, basi yakaisha.

Na kuna wale wanaosema mfunge tu. Nimfunge ili iweje? Jela hailipi ada. Nataka aendeshe gari. Nikimwona anapita hapa na trela la magurudumu ishirini na mbili akanipigia honi nitafurahi kuliko nikimwona na pingu, na watoto watafurahi zaidi, msichana alikuwa anajua kutofautisha injini ya gari lake na za wengine akiwa kitandani, anaamka anasema baba huyo amefika.

Simlaumu sana yule afisa pia, nataka hilo mliandike. Ni mtu mmoja na meza moja, usafiri hana, siku ile tu tulikuwa watu wengi kwenye benchi, mwingine mtoto amechomwa, mwingine msichana wa miaka kumi na nne ameozeshwa, na mimi na kesi yangu ya kucha safi. Angetoka saa ngapi kwenda gereji kuangalia? Lakini kama hana muda wa kwenda gereji basi barua ya gereji nayo isiwe na uzito kuliko miaka kumi ya mtu barabarani ambayo mpaka mzima umeiona. Wawili wa kampuni yake ya zamani walikuwa tayari kuja kusema, niliambiwa hakuna haja.

Sasa nimerudi tena kortini kuomba ile amri ibadilishwe, safari hii kuna wakili wa msaada wa bure kutoka shirika moja la wanawake wanasheria amekubali kunisaidia kuandika, na kesi itasikilizwa mwezi ujao. Kaunta buku nitaenda nayo tena, sitaificha, ila safari hii nimechora mstari katikati ya kila ukurasa, mauzo kushoto, faida kulia kwa wino mzito. Binti wa dada amenishauri nipige picha za siku zote nilizopita gereji nikamkosa, nikamwambia hapana mwanangu, sifanyi upelelezi na mkaa kichwani.

Kinachonisumbua ni stetimenti ya simu. Wakili anasema tunaweza kumwomba hakimu aiagize, lakini kila ninayemuuliza hapa Malaba hajawahi kuona imefanyika kwenye kesi ya matunzo. Kwa hiyo Ndugu Mhariri, kama kuna msomaji wenu, mama au baba, Mbale, Busia, Arua, Kampala, popote, ambaye hakimu aliwahi kumkubalia hivyo, namwomba aandike hapa hapa kwenye ukurasa huu. Aliomba kwa maneno gani, kampuni ya simu ilichukua siku ngapi kujibu, na gharama alilipa nani. Mimi gazeti lenu nalipata siku ya pili, tanboi mmoja wa Jinja ananiletea likiwa limefungia chapati.

Mama wa watatu,
Malaba